Maswali na Majibu: Mstari Wako Unaishia Wapi?

Mada ya mwezi huu katika shindano letu la kirafiki ni mistari na mipindo, kila mshiriki picha moja. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Simu yangu ni ya bei nafuu. Nitafua dafu?

Utafua. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kisha toka nje. Swali hili linaletwa kila mada mpya na jibu halibadiliki.

Nimepiga barabara ndefu iliyonyooka. Wenzangu wanasema picha haina kitu. Kosa ni nini?

Wenzako wamesema kweli: barabara yako haina pa kwenda. Jicho hufuata mstari kama mguu unavyofuata njia, na likifika mwisho likakuta anga jeupe tu, linaondoka. Kabla ya kubonyeza, weka kidole kwenye kioo mahali mstari unapoanzia, ufuate mpaka mwisho. Kuna nini pale? Mbuyu, mlango, mtu? Kama hakuna kitu, ngoja mwendesha baiskeli aingie, au uhame.

Halafu tazama unapoanzia. Mstari uingie karibu na pembe ya chini ya picha, usitoboe pembe yenyewe. Ukitokea ubavuni na kuishia ubavu wa pili, umeikata picha vipande viwili. Na uchuchumae! Wengi mnapiga mkiwa wima, simu usoni, ndiyo maana barabara zenu zote zinafanana. Ishushe simu mpaka usawa wa goti: mstari unakuwa mpana karibu nawe na mwembamba mbali, na hapo ndipo kina cha picha kinapotoka.

Nimepiga mlango Mji Mkongwe, Zanzibar. Umebanwa juu na kuta zimelala nyuma. Simu mbovu?

Simu nzima. Umeiinamisha nyuma ili upate sehemu ya juu ya mlango, na ukifanya hivyo mistari iliyosimama huanza kukaribiana huko juu. Rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta wa pili wa uchochoro. Kwenye vitufe vya kukuza vya kamera tumia 1×, au 2× nafasi ikiruhusu. Ile 0.5× iache, kwa sababu mistari ya pembeni huivimbisha kama ubavu wa pipa. Simu isimame wima kabisa, usawa wa kifua au juu kidogo, gridi (ile mistari ya msaada kwenye kioo) iwe imewashwa, na mfaa wa mlango, ule ubao wa wima wa katikati, uende sambamba na mstari wa gridi.

Uchochoro ukiwa mwembamba mno, acha nafasi pande zote na unyooshe baadaye kwenye programu ya kuhariri. Kunyoosha hula kingo za picha. Aliyebana mno atapoteza miimo, zile nguzo za pembeni mwa mlango.

Na chagueni mlango kwa kuangalia mada. Ya zamani zaidi ina boriti ya juu iliyonyooka; ile yenye tao juu, kwa mtindo uliotoka India, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Yenye tao inakupa mstari na mpindo kwa pamoja. Mlango una wenyewe, kwa hiyo piga hodi kwanza.

Naruhusiwa kusimama katikati ya reli ya SGR nipate zile pau mbili zinazokutana mbali?

Hapana, hata kwa dakika moja. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma imejengwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Ikiwa mita 300 kutoka ulipo, una sekunde 7 zisizotimia, na haiungurumi kama ya dizeli. Waya wa juu una volti 25,000. Picha ya mtu aliyekaa relini sitaitazama, hata ikiwa nzuri namna gani. Mistari inayokutana mbali ipo tele kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Nikipiga mashamba ya mwani Paje, Zanzibar, niende saa ngapi?

Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Maji hutoka kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Maji mafu, yale yanayopwa kidogo tu, hayatakufaa: vigingi na kamba havitajitokeza vya kutosha. Saa hizo jua liko juu, basi usisubiri vivuli virefu: mstari wako utatokana na rangi, mwani uliokoza juu ya mchanga mweupe. Piga magoti, chagua kamba moja iwe kiongozi, nyingine ziifuate. Maji yakimetameta, weka kioo cha miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi na ukizungushe taratibu mpaka mng'ao upungue.

Wengi wanaofanya kazi pale ni akina mama, na muda wao ni mpaka maji yarudi. Salimia, omba, na usikanyage kamba. Mwani ukikatika, hiyo ni pesa yao imechukuliwa na maji.

Naweza kutumia akili mnemba kufuta nyaya za umeme?

Mada ni mistari, na wewe unataka kufuta mistari! Sogea hatua mbili kushoto uzitumie.

Rangi au nyeusi na nyeupe?

Kama rangi haisaidii mstari, iondoe.

Nakaa bara, bahari sina, kutoka nyumbani kwa shida. Nipige nini?

Ungo. Uweke juu ya meza, mita moja kutoka dirishani, mwanga uingie kutoka ubavuni, na uzime taa zote, maana mwanga wa pili hufuta vivuli vya msuko. Usiuingize wote: duara kamili hulifungia jicho ndani. Acha robo ya ukingo ipite kutoka chini kushoto hadi juu kulia.

Tanga la jahazi linatoka kama kipande cha bati. Kwa nini?

Umelipiga kutoka ubavuni, ambako unaona pembetatu tu. Tumbo la tanga huonekana chombo kikikuelekea kwa mshazari au kikikuacha, ukiwa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ngoja kigeuke. Jua likiwa nyuma ya tanga, kitambaa huwaka na mishono yake hujichora kufuata mpindo, kutoka kwenye foromali (mti wa juu unaoshika tanga) mpaka chini. Gusa tanga kwenye kioo cha simu, kisha vuta mwangaza chini mpaka mishono ionekane. Likishaungua jeupe hakuna uhariri utakaolirudisha. Kasi ya shata ya kamera iwe 1/500 ya sekunde au zaidi. Upeo wa bahari uwe sawa kabisa, maana ukiinama, mlalo wa foromali hautaonekana tena. Mbele ya omo, yaani kichwa cha chombo, acha maji matupu, chombo kipate pa kwenda.