Kumkumbatia mpinzani ulingoni si uoga

Ndugu, umeuliza kama bondia wa kulipwa anayemkumbatia mpinzani ni mwoga, na kama nawe ujifunze. Jifunze, tena mapema. Ukila konde miguu ikalegea, sekunde chache za kumshika zinaweza kukuokoa usianguke.

Ila usimrukie mikono wazi, utakula ngumi ya kidevu kutoka chini. Tanguliza ngumi ya kushoto, ingia nayo, weka kichwa kando ya kichwa chake, kisha bana mikono yake kwapani mwako, juu kidogo ya viwiko. Halafu mlalie, abebe uzito wako. Hapo ndipo pumzi yake inapokatika. Bondia wa uzito wa juu wa Ukraine, Wladimir Klitschko, alimfanyia hivyo Mrusi Alexander Povetkin mjini Moscow mwaka 2013, akashinda kwa pointi, ingawa kwa kweli pambano lenyewe lilichosha kulitazama.

Kanuni zinakataza kushika. Mwamuzi huvumilia kidogo, akaonya, akakata pointi, na ukizidi anaweza kukuondoa mchezoni. Akisema achia, achia mara moja, rudi nyuma mikono ikiwa juu. Wengi hupigwa wakati wa kuachana. Mazoezini mwambie kocha akuachie raundi nzima ya kushikana tu, bila ngumi.