Kampuni kubwa ya mawakili: ina nguvu idara zote, au ni jina tu?

Mleta uzi, kwa wanaoingia sasa narudia swali lako kwa kifupi. Kampuni yenu inataka kununua kampuni nyingine yenye viwanda katika nchi mbili na mkopo wa benki ambao haujaisha. Bodi imeletewa andiko la kampuni kubwa ya mawakili inayojinadi kwamba inaongoza katika kila eneo la sheria ya biashara. Unauliza kama humo kuna ukweli au ni matangazo, na kama kazi yote wapewe wao au igawanywe.

Nimefanya kazi ndani ya kampuni ya aina hiyo, idara ya makampuni, kisha nikahamia kwa mteja. Siku hizi mimi ndiye ninayewapa kazi na kuhakiki ankara zao, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona ndani na nje.

Hakuna kampuni ya mawakili ambayo idara zake zote zinalingana. Ziko idara zilizoijenga, ambazo wabia wake ndio wenye sauti kwenye vikao, na ziko zilizoanzishwa ili mteja asitoke nje kutafuta huduma akaishia kunyakuliwa na mshindani. Andiko la kuombea kazi litazitaja zote kwa sauti moja, wala usiwalaumu, ndiyo kazi ya andiko. Lakini kile hasa unacholipia kwa kampuni kubwa hakimo ndani ya idara yoyote. Kipo pale idara zinapokutana.

Chukua kazi kama yako. Wakili kijana wa idara ya makampuni anafunguliwa hifadhi ya nyaraka mtandaoni na kuambiwa asome mikataba yote ya kampuni inayouzwa. Kwenye mkataba wa mkopo anakuta kifungu kinachosema umiliki ukibadilika, benki inaweza kudai deni lote lilipwe. Kukiona kifungu hicho si ajabu, hata ofisi ya mawakili watatu makini itakiona. Katika kazi moja niliyokuwemo, kijana alipanda ghorofa ya juu mchana uleule kwenda idara ya mabenki, kwa mwanamama ambaye kuandika mikataba ya namna ile kwa niaba ya wakopeshaji ndiyo kazi yake ya kila wiki. Hakusoma kifungu kwanza. Alifungua kurasa za tafsiri ya maneno kutazama "udhibiti" umeelezwaje: ni kuvuka nusu ya kura, au hata uwezo wa kuteua wakurugenzi wengi? Kisha akauliza haki ya kudai ni ya kila mkopeshaji peke yake, au lazima wakopeshaji wenye sehemu kubwa ya deni wakubaliane kwanza? Jibu la swali hilo ndilo linalokuambia uende kubembeleza benki moja kiongozi au benki zote mojamoja.

Mteja alikuwa na wazo lake: basi tusinunue hisa, tununue mali na shughuli tu, deni libaki kwa muuzaji. Kufika jioni wazo lilikuwa limekwisha nguvu. Mtu wa kodi alisema hasara za miaka iliyopita ambazo mnunuzi alizipigia hesabu zingebaki kwa muuzaji. Mtu wa ajira akakumbusha kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu maelekezo ya mwaka 1977, shughuli ikihamia kwa mmiliki mpya wafanyakazi huhama nayo pamoja na masharti yao, hivyo "kununua mali tu" hakuwaachi watu nyuma. Wa ardhi na majengo akasema mkataba wa pango wa ghala kuu hauhamishiki bila ridhaa ya mwenye jengo. Wa haki miliki akaongeza kwamba uhamisho wa kila alama ya biashara ungebidi uandikishwe kwa jina la mnunuzi katika kila nchi. Na benki yenyewe ilikuwa imeshika mali hizohizo kama dhamana, kwa hiyo kuikwepa kusingewezekana hata hivyo.

Ungekuwa na ofisi tano tofauti, kila moja ingekupa ushauri sahihi juu ya kipande chake, barua zingezunguka wiki mbili, na kazi ya kuunganisha vipande ingekuangukia wewe.

Sheria ya ushindani naiweka peke yake kwa sababu ndiyo idara ambayo watu huikumbuka wakiwa wamechelewa. Mwaka 2001 muungano wa General Electric na Honeywell ulikuwa umekubaliwa Marekani kwa masharti, kisha Tume ya Ulaya ikaukataa, ukafa, ingawa kampuni zote mbili ni za Kimarekani. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kampuni ya mawasiliano ya Altice, iliyotozwa na Tume hiyo euro milioni 124.5 mwaka 2018 kwa kuanza kuitawala kampuni ya simu ya PT Portugal kabla ya ununuzi kupata kibali. Sehemu ya kosa ilikuwa kwenye mkataba wa ununuzi wenyewe. Vifungu vya kulinda thamani ya kampuni mpaka siku ya makabidhiano, ambavyo mawakili wa makampuni huviandika kwa mazoea, vilimpa mnunuzi kauli ya mwisho hata kwenye mambo ya kawaida ya biashara kama uteuzi wa mameneja na bei. Wakili wa ununuzi huviona vifungu hivyo kuwa kinga kwa mteja, wa ushindani huviona kuwa ushahidi dhidi yake. Ndiyo maana nasema rasimu ya kwanza ya mkataba isitoke kabla mtu wa ushindani hajaipitia, na katika kampuni kubwa inayofanya kazi vizuri hilo hutokea bila mteja kuomba.

Idara ya mabenki na masoko ya mitaji ndiyo inayonufaika zaidi na ukubwa, na sababu yake si akili nyingi. Mikataba ya fedha imejengwa juu ya nyaraka za kiwango zinazotumika dunia nzima: mikopo ya wakopeshaji wengi hufuata vielelezo vya LMA, chama cha soko la mikopo cha London, na miamala ya kubadilishana riba au sarafu hufuata mkataba mkuu wa ISDA, chama cha kimataifa cha wafanyao miamala hiyo, toleo la 1992 au la 2002. Kwa kuwa kila mtu anaanzia karatasi moja, thamani ya wakili ni kujua soko limekubali nini mwezi huu, kipi benki hukataa kwa mdomo tu na kipi hukataa kweli. Maarifa hayo huyapati vitabuni. Yanapatikana kwa kufunga mikopo mingi, na anayefunga mikopo mingi ni mkubwa.

Hapo hapo ndipo lilipo tatizo lake. Mkubwa anazifanyia kazi benki nyingi, pengine na benki inayoidai kampuni mnayoitaka. Watakwambia wana ukuta wa taarifa kati ya timu mbili, yaani timu moja haioni siri za nyingine. Kuta hizo si hadithi, zipo, ila msome uamuzi wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, katika kesi ya Prince Jefri Bolkiah dhidi ya kampuni ya wahasibu ya KPMG, mwishoni mwa 1998: waliokuwa na siri za mteja wa zamani walitakiwa waonyeshe kwamba hakuna hatari ya kweli ya siri hizo kuvuja, na ukuta uliojengwa kwa dharura ndani ya idara moja haukutosha. Kwa hiyo ulizeni mapema nani mwingine wanamhudumia kwenye jambo hili, na jibu liwe la maandishi.

Kesi na usuluhishi hupimwa tofauti kabisa. Kwa shauri lenye nyaraka milioni na mashahidi katika mabara matatu, au uchunguzi wa rushwa unaoangukia sheria ya Marekani ya 1977 na ile ya Uingereza ya 2010 kwa wakati mmoja, ofisi ndogo itazama. Kwa usuluhishi wa kimataifa pia wakubwa wana faida, maana tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, inatekelezeka katika nchi zaidi ya 170 kwa Mkataba wa New York wa 1958, na kazi ngumu mara nyingi huwa baada ya ushindi, kutafuta mali za aliyeshindwa ziko wapi. Lakini madai ya kawaida ya muuza bidhaa ambaye hajalipwa, ukiwapa wakubwa, ankara itakaribia deni lenyewe. Halafu kumbuka kuna nchi ambako anayesimama mbele ya jaji kwenye mashauri makubwa ni wakili wa kujitegemea anayekodiwa na kampuni, kwa hiyo ile picha ya mbia mkuu akitikisa mahakama haipo.

Ufilisi na urekebishaji wa madeni ndio mtihani wa kampuni nzima. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, Weil, Gotshal & Manges walisimamia maombi ya kinga dhidi ya wadai huko New York, na Linklaters wakawashauri wasimamizi wa ufilisi kutoka kampuni ya wahasibu ya PwC upande wa London. Kazi ya namna ile inahitaji watu wa mikataba ya riba, ajira, majengo, kodi na mahakama asubuhi moja. Kama unataka kujua idara za kampuni zinazungumza au zinasalimiana tu kwenye lifti, waulize kazi yao kubwa ya mwisho ya ufilisi iliendeshwaje.

Ajira, usajili wa hataza, mikataba midogo ya pango: hapa kwa kweli wataalamu wadogo mara nyingi ni wepesi zaidi na wa bei nafuu, na siku hizi wengi wao ni wabia waliotoka huko huko kwa wakubwa.

Kuna waliosema kwenye uzi huu kwamba ukubwa ndio ubora. Hapana. Wachtell, Lipton, Rosen & Katz wana ofisi moja tu, New York, na mawakili wachache ukilinganisha na majitu ya dunia, lakini Martin Lipton wa hapo ndiye aliyebuni mwaka 1982 ule utaratibu wa kumwekea vikwazo vya hisa anayetaka kuiteka kampuni kwa nguvu, na mpaka leo mabodi huwakimbilia. Slaughter and May wa London wana ofisi chache mno nje, kwingineko hushirikiana na kampuni rafiki za nchi husika. Na ukubwa wenyewe una namna zake. Dentons, kwa mfano, wamejiunga kwa muundo wa chama cha Uswisi, ambao chini yake jina ni moja lakini kampuni wanachama zina mahesabu tofauti. Si kasoro, ila usidhani jina moja maana yake ni mfuko mmoja na usimamizi mmoja. Ulizia ofisi za nchi zako mbili zimewahi kufanya nini pamoja.

Nguvu ya idara pia ina miguu, inaweza kuondoka. Dewey & LeBoeuf, iliyozaliwa mwaka 2007 kwa muungano wa kampuni mbili za New York, ilikuwa na mawakili zaidi ya 1,000. Mei 2012 iliomba kufilisiwa, baada ya wabia kuhama kwa makundi na wateja wao. Ndiyo maana zile orodha za Chambers na Legal 500, zinazopanga mawakili kwa madaraja, nazisoma kwa idara na kwa jina la mtu, si kwa kampuni. Zina manufaa, kwani watafiti wao huwauliza wateja na washindani, lakini zinaangalia kazi zilizopita. Mbia aliyeipandisha idara daraja la kwanza anaweza kuwa ameshahama.

Sasa kwenu. Ningewapa wakubwa ununuzi wenyewe, mkopo, kodi na ushindani, kama fungu moja lisilogawanyika. Mambo ya ajira ya kila nchi ningetafuta mtu wa pale pale, ila aripoti kwa wakili kiongozi wa ununuzi, siyo kwako. Usajili wa alama za biashara baada ya makabidhiano mpe mdogo.

Kabla ya kusaini barua ya kuwapa kazi, omba kikao cha saa moja na watakaofanya kazi, siyo waliokuja na andiko. Waletee mkataba wa mkopo mliopewa na muuzaji, ukiruhusiwa na masharti ya usiri, na uwaache wauzungumzie mbele yako. Angalia mtu wa kodi anamkatiza wa makampuni au anasubiri zamu yake. Wakikatizana kwa hoja, umepata. Kila mmoja akisoma ukurasa wake na kunyamaza, hao ni ofisi tano ndani ya jengo moja. Kisha majina ya mbia na mawakili wawili wa chini yake yaandikwe kwenye barua, na wasibadilishwe bila ridhaa yenu. Wakikataa hilo, pigia kampuni ya pili kwenye orodha yenu.