TB ya utumbo bila kikohozi
Dada, pole na mgonjwa. Umeuliza iweje shemeji yako apasuliwe hapa Dodoma kwa utumbo kuziba, halafu kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye utumbo kiseme TB wakati hakohoi. Inawezekana kabisa, ingawa si jambo la kila siku. TB ya tumbo hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, chini kulia, jirani na kidole tumbo. Ndiyo maana wengi hudhani ni kidole tumbo au saratani. Kidonda cha TB kwenye utumbo kikiacha kovu, njia hubanwa. Kikitoboka, uchafu humwagika tumboni, na hapo ni kisu tu, hakuna kusubiri. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa. (Maziwa mabichi, ambayo huku Ugogoni tunayapenda, nayo ni njia mojawapo ya kuipata. Chemsheni.)

Upasuaji umeondoa kizuizi, haujaua bakteria. Aanze dawa kliniki ya TB, kwa kawaida miezi 6, ni bure, na apime VVU pia. Akitapika tena, tumbo likavimba, hapati choo wala hewa, mrudisheni hospitali usiku huohuo.