Kabla Hujanunua Kamera, Kakae Nusu Saa na Fundi Cherehani

Mwaka 2014 niliuza pikipiki ninunue kamera. Mama hakusema kitu, aliendelea kuchambua mchele wake. Kamera ilikuwa nzuri. Filamu niliyoipiga nayo ilikuwa mbaya kiasi kwamba rafiki zangu wa Makorora niliowaita kuitazama walianza kuulizana Coastal inacheza na nani Jumamosi. Dakika arobaini, na hakuna picha hata moja iliyotulia. Nilikuwa nazungusha, navuta karibu, narudi nyuma, utadhani nafukuza inzi.

Tangu hapo nimepiga harusi na sendofu nyingi hapa Tanga, na jioni hukaa na vijana wachache barazani kwangu Ngamiani nikiwaonyesha kazi. Kila mgeni huanza na swali lilelile: "Kaka, ninunue kamera gani?" Jibu langu huwaudhi. Nawapeleka kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Mwombe fundi azungushe gurudumu kwa mkono, taratibu, nawe utazame nguo. Sindano ikiwa imezama, nguo imetulia. Sindano ikipanda, yale meno madogo ya chini yanaisukuma nguo hatua moja, yanashuka, nguo inatulia tena. Inasogea, inasimama. Inasogea, inasimama. Fundi akikanyaga kwa kasi unaona nguo inateleza tu kama maji. Sasa huko Lyon, Ufaransa, Louis Lumière, mmoja wa waanzilishi wa sinema, alikuwa anahangaika na tatizo moja: mkanda wa filamu utapitaje mbele ya lenzi bila picha kuvurugika? Wazo lilimjia kutoka kwenye cherehani. Ndani ya mashine yake kuna ukucha unaoingia kwenye matundu ya mkanda, unauvuta hatua moja, unatoka. Mkanda unasimama, mwanga unaingia, picha inanaswa. Kizibo kinafunika, ukucha unavuta tena. Mara 16 hivi kwa sekunde, kwa nguvu ya mkono unaozungusha mpini. Simu yako haina mkanda wala ukucha, lakini inachokifanya ni hichohicho: picha zilizotulia, zinafuatana upesi mpaka jicho linakubali kudanganywa.

Ukishaliona hilo kwenye cherehani, utaelewa kwa nini ukigeuza simu ghafla kutoka kwa bibi harusi hadi kwa MC picha inakuwa uji. Picha moja na ya pili yake zimeachana mno, jicho halina pa kushika. Geuza polepole, au usigeuze kabisa. Utaelewa pia ile mistari inayopandapanda kwenye video za ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kamera yako kwenye picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na kila picha itapata mwanga sawa na mwenzake. Ningelijua hilo mapema, sendofu tatu za Chumbageni zingesalimika.

Halafu fanya zoezi la sekunde 50. Tarehe 28 Desemba 1895, Louis na kaka yake Auguste walionyesha filamu kumi kwenye Grand Café, Paris, na watu 33 walilipa kuingia. Hakuna filamu iliyofika hata dakika moja, maana mkanda wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 17 tu. Kamera imesimama mahali pamoja, hakuna kukata. Mojawapo ni ya mtunza bustani: mtoto mtundu anakanyaga mpira wa maji, mzee anashangaa maji yamekwendaje, anachungulia mdomo wa mpira, mtoto anaachia. Kisha kuna kukimbizana na kichapo. Kisa kizima, mwanzo mpaka mwisho. Wapo watu wa Bongo Muvi ambao kwa muda huo mhusika wao bado hajashuka kwenye gari.

Kwa hiyo: weka simu juu ya kitu kisichotikisika, bonyeza, usiiguse kwa sekunde 50. Kijana wangu mmoja alikwenda alfajiri pale Deep Sea mashua zinapoingia. Siku ya kwanza aliielekeza simu baharini moja kwa moja, akarudi na maji na mbingu. Siku ya pili nikamwambia akumbuke treni ya hao ndugu wawili. Walipopiga treni ikiingia stesheni hawakukaa ubavuni, walikaa karibu na reli, mshazari, ikaonekana ndogo kule mbali halafu ikajaa picha nzima. Akasogea pembeni walipo wachuuzi wenye ndoo. Mashua ikaja kutoka kona ya juu, akina mama wakaingia majini mpaka magotini, mmoja akageuka na kibua mkononi akimtukana mwenye mashua kwa bei. Sikumwambia akate chochote.

Ukitulia hivyo ndipo unapoweza kucheza. Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe wa Paris, na mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa anapiga picha barabarani, kamera ikakwama, akaifungua, akaendelea. Alipotazama, basi la kukokotwa na farasi limegeuka gari la maiti. Kamera haikuwa imehama, mji ndio uliohama. Vijana wangu hufanya hivyo kwa dakika tano: mmoja anasimama mlangoni, kurekodi kunasitishwa, anaondoka, kurekodi kunaendelea. Siri ni kutogusa stendi. Ikisogea kidole kimoja tu, uchawi umekwisha.

Sauti ndiyo inayowashinda wengi, nami ilinishinda. Na hapa sina haja ya kwenda Paris. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliweka makao yake Vugiri, kule milimani Korogwe, mkoani kwetu humu, ukatengeneza filamu 35 hivi za "kuwaelimisha" Waafrika: kodi, kuweka akiba posta, afya. Walioonekana kwenye picha ni watu wetu, walioamua kitu gani kisemwe si wao, na ukilifikiria leo linakera. Ila ufundi wao una funzo. Sauti haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye santuri, ili filamu moja isemwe kwa lugha mbalimbali. Santuri ikiwahi au ikichelewa kidogo, mdomo na maneno vinaachana.

Miaka themanini baadaye nilikuwa na tatizo hilohilo. Upepo wa Raskazoni ulikuwa umenila sauti yote, nikaanza kurekodi kwa simu ya pili ndani ya mfuko wa shati wa mzungumzaji, na sauti na picha havikukutana. Dawa haina gharama: piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza kusema. Wakati wa kuhariri, tafuta viganja vinapogusana, tafuta mlio wa kofi, vilinganishe. Mengine yatajipanga yenyewe.

La mwisho ni kuhifadhi, na hapa sina utani. Méliès alitengeneza filamu zaidi ya mia tano. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ufaransa lilichukua mikanda yake mingi ikayeyushwa, mingine ikaishia kuwa visigino vya viatu vya askari. Mwaka 1923, amefilisika, akaichoma mwenyewe mikanda ya asilia iliyobaki. Baadaye aliuza midoli stesheni. Wewe hutadaiwa visigino, lakini una mpwa. Mwaka 2016 nilipiga harusi nzima kwenye memori kadi moja, nikaiacha mezani, mpwa wangu akaifuta aweke nyimbo. Siku hizi nanakili mahali pawili usiku uleule, kabla sijavua viatu. Bwana harusi yule bado tunakutana Mgandini. Mtoto wake wa kwanza yuko darasa la tatu, na kila tukionana huniuliza kwa upole kabisa, "Vipi fundi, video yangu bado kidogo?"