Rejeta zina moto ilhali umezizima: shika mabomba kabla ya kununua kifaa

Mkuu, umeeleza kwamba boila yako inafanya kazi mbili, inachemsha maji ya kuoga na inapasha rejeta za vyumbani, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto ili chumba kipate joto. Tangu baridi iishe umezima upande wa rejeta, themostati ya ukutani, ile inayopima na kudhibiti joto la chumba, umeishusha hadi mwisho, na bado rejeta ukizigusa zina moto. Waliotangulia wamekushauri ubadilishe themostati. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Nimekaa na tatizo hili miezi mingi, nikalipia kifaa kipya wakati cha zamani hakikuwa na ubovu wowote, na iliniuma kwa sababu jibu lilikuwa pale pale kwenye mabomba, ningeyashika tu.

Anza na swali moja: boila yenyewe inawaka wakati huo? Nenda kwenye taima, ile saa inayopanga boila iwake lini, uzime vyote viwili, rejeta na maji ya moto, halafu usubiri. Pampu kuzunguka dakika chache baada ya moto kuzimika ni kawaida, inatoa joto lililobaki ndani ya boila. Lakini boila ikiendelea kuwaka na kuzima, kuna kitu kinaiamrisha. Hapo tafuta kwenye umeme: rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoganda ndani ya taima au themostati, au ile swichi ndogo iliyomo kwenye kichwa cha valvu ya mota, yaani valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwa mota ya umeme. Swichi hiyo kazi yake ni kuiambia boila "njia imefunguka, waka". Ikiganda, boila inasikia amri hiyo usiku na mchana. Hata hivyo kuanzia hapo ni kazi ya fundi, maana kwenye vichwa hivyo mara nyingi unapita umeme kamili wa nyumbani, si ule mdogo wa betri.

Kwa maelezo yako sidhani kama uko upande huo. Umesema rejeta zinapata moto zaidi asubuhi, watu wakiwa wanaoga. Maana yake boila inawaka kihalali, kwa ajili ya maji ya kuoga, ila sehemu ya joto inapotea njia.

Subiri siku ambayo mfumo wote umepoa, kisha washa maji ya moto peke yake. Kama boila yako ni ile isiyo na tangi, inayochemsha maji pale unapofungua bomba, valvu ya kugawa njia, inayoamua joto liende kwenye rejeta au kwenye maji ya kuoga, imo ndani yake. Mwambie mtu afungue maji ya moto, wewe shika bomba linalotoka kwenye boila kwenda kwenye rejeta. Shika kwa tahadhari, linaweza kuunguza. Likipata moto ndani ya dakika moja au mbili, valvu haifungi sawasawa. Dalili nyingine ni maji ya kuoga kuwa vuguvugu, kwa sababu joto lake linagawanywa. Mara nyingi mpira wa ndani umelika, au umekwama kwa lile tope jeusi linalotokana na kutu ya rejeta. Ukibadilisha valvu bila kusafisha tope hilo na kuweka dawa ya kuzuia kutu, valvu mpya nayo itakwenda njia ile ile.

Ukiwa na tangi la maji ya moto, tafuta valvu za mota karibu nalo: kiboksi juu ya bomba, na pembeni kijiti kidogo cha kusukuma kwa mkono. Kwa valvu ya njia mbili (mlango mmoja wa maji kuingia, mmoja wa kutoka), mota inafungua na springi inafunga. Rejeta zikiwa zimezimwa, kijiti kikisukumwa kinatakiwa kiwe kizito, uisikie mota ikipingana na kidole. Kikiwa kimelegea, kinacheza tu, valvu imeganda ikiwa wazi.

Kwangu kijiti kilikuwa kizito kama inavyotakiwa. Fundi wa kwanza hakukigusa, alisikia tu maneno "rejeta zina moto" akabadilisha valvu nzima. Kesho yake asubuhi moto uko vile vile. Nilichukua kiti nikakaa mbele ya rejeta ya sebuleni tangu maji yalipoanza kuchemka, mkono mmoja kwenye bomba la kuingia, mwingine kwenye bomba la kutoka. Bomba la kuingia lilibaki baridi. Lililopata moto kwanza ni la kutoka! Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wa nyuma, na valvu, iwe mpya au ya zamani, inalinda mlango wa mbele tu.

Sababu ilikuwa kwenye maungio. Bomba linalorudisha maji kutoka kwenye tangi linatakiwa kuwa la mwisho kujiunga kwenye bomba kuu la kurudi, karibu na boila kuliko mengine yote. Kwangu kuna rejeta ya ghorofani iliyoongezwa baadaye, na bomba lake la kurudi liliungwa mbele ya lile la tangi, karibu zaidi na boila. Pampu ikisukuma, sehemu ya maji yaliyotoka kwenye tangi ilipanda kinyumenyume kwenye rejeta za zamani, ikavuka, ikashukia kwenye ile mpya hadi kwenye boila. Fundi wa pili alihamisha ungio hilo kwa kipande cha bomba kisichofika mita moja, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Pale ambapo ungio halifikiki, valvu ya njia moja, inayopitisha maji upande mmoja tu, kwenye bomba la kurudi la rejeta inafanya kazi hiyo.

Wakati unamsubiri fundi, unaweza kufunga rejeta pande zote mbili. Ule upande wenye kofia ya plastiki, hesabu mizunguko unapofunga na uiandike, utarudisha ilivyokuwa. Usizifunge zote: mifumo mingi ina rejeta moja iliyoachwa wazi makusudi ili pampu isisukume maji pasipo na njia. Na kifuniko cha boila usikifungue kabisa. Boila ya gesi iliyochezewa inaweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Fanya kipimo hicho cha kushika mabomba ya rejeta kesho asubuhi kabla ya mtu yeyote kuoga, kisha niandikie hapa rejeta ipi imeanza, bomba lake lipi limepata moto kwanza, na baada ya dakika ngapi.