Usingoje Asubuhi

Juzi usiku mama mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, aliniandikia: "Dada, mtoto alipata surua, vipele vimeisha, lakini sasa analala tu, na jioni ametetemeka mwili mzima. Mama mkwe anasema ni uchovu." Nilimpigia papo hapo. Mfunge mgongoni, tafuta boda, nenda hospitali sasa hivi.

Mimi niliwahi kungoja. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Vipele vilianzia nyuma ya masikio vikashuka kifuani. Siku ya sita vikafifia, homa ikatulia, nikamshukuru Mungu na kurudi soko la Kibuye kuuza mitumba yangu. Siku ya tisa homa ikarudi. Nilikuwa namlisha uji. Kijiko kikagonga meno, macho yakageuka juu, mkono wa kushoto ukawa unarukaruka. Jirani akasema mtoto wa surua hachomwi sindano, atakufa. Nikamsikiliza mpaka kukapambazuka. Usiku ule sijajisamehe.

Daktari alisema ubongo umevimba. Katika kila watoto 1,000 wanaougua surua, mmoja hivi hupatwa na hali hiyo. Dawa ya kuua virusi vyenyewe hakuna; walimpa vitamini A siku mbili mfululizo na dawa ya degedege, nasi tukakaa tukimtazama. Alipona. Ana miaka 9 sasa, sikio la kulia halisikii kitu, na darasani hukaa dawati la mbele.

Wazazi wenzangu, fungueni kijitabu cha kliniki leo. Chanjo ya kwanza ya surua ni miezi 9, ya pili miezi 18. Cha mwanangu kina muhuri mmoja tu. Siku ya ile ya pili niliambiwa dawa imekwisha, nirudi wiki ijayo. Bado inaniuma, lakini wiki ijayo ilifika na mimi nilikuwa sokoni. Msiseme moja yatosha: ikitolewa miezi 9, watoto kama 15 kati ya 100 hubaki bila kinga. Na akiugua, akapona, kisha akaanza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa au kutetemeka, mkimbize. Hata iwe usiku wa manane. Achana na maneno ya jirani, mkimbize.

Saa kumi alfajiri yule mama alinitumia ujumbe: "Tumelazwa, dada. Amefungua macho, ameomba maji."