Msiandike nyumba ya marehemu mzee jina la kaka mkubwa

Mkuu, hiyo fomu ya uhamisho isiende Ardhi kwanza. Umeuliza namna ya kujenga utamaduni wa familia, vikao viweje, watoto wafundishwe vipi habari za fedha na wakwe washirikishwe kiasi gani, ili nyumba ya Magomeni na shamba la Mkuranga alivyoacha mzee viwafikie wajukuu. Halafu katikati, kwa sentensi moja tu, ukasema mshauri wenu amewaambia kila kitu kiandikwe jina la kaka mkubwa "kuepusha usumbufu", na nyote watano mmekubali. Hapo ndipo penye moto. Hayo mengine yatasubiri.

Kaka ni msimamizi wa mirathi, siyo mmiliki. Mahakama imempa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Jina lake likiingia kwenye hati, liingie kwa cheo hicho cha usimamizi, na lisikae hapo miaka kumi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa apeleke Fomu Na. V yenye mali na madeni yote ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Ameshapeleka? Muulizeni kwa adabu, mbele ya wote.

Sasa tazama kinachotokea akishaandikwa mmiliki peke yake. Benki, mnunuzi na mahakama wanasoma hati, hawasomi makubaliano yenu ya sebuleni. Kaka anataka mtaji, anaiweka nyumba rehani. Sheria inadai ridhaa ya mke wake kama wanaishi humo. Ridhaa ya dada zake haimo popote, maana kwenye karatasi dada zake ni wageni. Biashara ikiyumba, inakuja ilani ya siku 60, kisha dalali wa mnada na kipaza sauti. Aliyenunua mnadani kwa nia njema sheria inamlinda. Ninyi mtabaki kumdai kaka fidia, na kaka huyo hana kitu.

Tuseme kaka ni mwaminifu kupita kiasi na hakopi hata shilingi. Atakufa, kama sisi sote. Siku hiyo inafunguliwa mirathi yake, na nyumba ya baba yenu inaorodheshwa kama mali yake. Mjane na watoto wake ndio warithi, na wala hawana kosa: wanasoma kilichoandikwa. Ninyi mtaingia mahakamani kama wadai, mkitafuta mashahidi wa kikao ambacho hakikuwa hata na muhtasari. Na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo familia iliyokaa kimya "kulinda umoja" inaweza kukuta mlango umefungwa. Akiachana na mkewe ni mvutano mwingine, kwani nyumba inaweza kuingizwa kwenye mali za ndoa na ninyi ndio mtakaopaswa kuithibitisha kuwa siyo.

Wanaonikera ni hawa washauri wa mitaani na wa semina za ukwasi. Anakaa na familia saa mbili, anahubiri umoja, anachukua bahasha, anaacha ushauri unaomrahisishia yeye kazi: sahihi moja badala ya tano. Usumbufu anaouepusha ni wa wiki mbili. Anaowaachia utakula ukoo mzima, na siku ya kesi simu yake haipatikani. Mwambieni aandike ushauri huo kwenye karatasi na kuusaini, muone kama atakubali.

Kanuni ni moja: mali ya familia haiandikwi jina la ndugu mmoja, hata awe mtakatifu.

Basi iandikwe nani? Njia nyepesi ni majina yenu yote matano kwenye hati, kila mmoja na hisa yake imetajwa. Ubaya wake ni kwamba kila hisa inarithiwa na watoto wa mwenye hisa, na kila mmoja wenu akiwa na watoto watano, mtafikia majina ishirini na tano yanayohitajika kusaini kila jambo. Kwa nyumba mnayotaka idumu, sajilini kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na nyumba iwe ya kampuni. Katiba yake iseme hisa zinauzwa kwanza kwa ndugu, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa, na kwamba hakuna rehani bila robo tatu ya kura. Kumbukeni gharama: ushuru wa stempu kwenye uhamisho, taarifa za kila mwaka BRELA na ritani, yaani taarifa za kodi, za TRA. Kodi ya wapangaji ikiwa ndogo mno, kampuni itakuwa mzigo. Hapo ulizeni RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, kuhusu bodi ya wadhamini, ambayo sheria inairuhusu hata kwa watu wanaounganishwa na undugu. Shamba, kama liko kwenye ardhi ya kijiji, ni suala la hati ya hakimiliki ya kimila, nayo inaweza kubeba majina zaidi ya moja.

Huo utamaduni unaoutafuta hujengwa juu ya haya. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha, na kodi yote ya wapangaji iingie humo, siyo kwenye simu ya kaka. Kila mwaka, tarehe ileile, hesabu isomwe kwa sauti, wakwe na watoto wakubwa wakiwepo: kilichoingia, kilichotoka, risiti ya fundi, risiti ya kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, lakini ya pango la ardhi mtu lazima aifuate, na kuiacha kunaweza kuwafutia milki. Muhtasari usainiwe palepale, kabla ya pilau.

Na kama fomu imeshapelekwa, Jumatatu asubuhi mmoja wenu aende kwa Msajili wa Hati na nakala ya hati, ya uteuzi wa msimamizi na ya muhtasari wa kikao cha ukoo uliofungulia mirathi, aombe kusajili zuio (caveat) ili nyumba isihamishwe. Msimngoje aliye safarini. Mrithi mmoja anatosha kuliomba.